Usingizi na Huzuni ya Mwenye Kusafishwa Damu



Katika neema ambazo mwanadamu hazikumbuki mpaka zimemtoka, usingizi ni mojawapo. Mwenye kulala hajui kuwa amepewa kitu. Mwenye kukosa usingizi ndiye ajuaye thamani yake. Qur'ani imeutaja usingizi katika Sura ya Rum miongoni mwa dalili za uwezo wa Mola, na katika khabari za vita vya Badri na Uhudi imetajwa kuwa waumini walishushiwa lepe la usingizi, likawa ni amani nyoyoni mwao hali adui yu mbele yao. Basi usingizi si uvivu wa mwili tu kama wadhanivyo wengi. Ni rehema, na anayenyimwa huwa amepungukiwa na jambo kubwa.

Wako watu katika zama hizi ambao rehema hiyo imewawia adimu kuliko watu wengine, nao ni wale ambao figo zao zimekufa na damu yao husafishwa kwa mashine. Hawa wamo katika miji yote ya pwani na bara, wamo katika safu za misikiti, na huenda mmoja wao ni jirani yako, ewe msomaji, nawe hujui ila kumwona mkono wake umevimba mishipa.

Yafaa kwanza ijulikane khabari ya mashine yenyewe. Figo mbili za mtu mzima aliye salama huchuja kadiri ya lita 180 katika mchana mmoja na usiku wake, bila ya kusimama hata saa moja. Zinapokufa, taka na maji hubaki mwilini, na zamani mtu huyo hakuwa na la kungoja ila mauti. Katika mwaka wa 1943, wakati nchi ya Uholanzi imetekwa na Wajerumani, tabibu mmoja aitwaye Willem Kolff alitengeneza chombo cha kuchuja damu ya mtu katika mji wa Kampen. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, mpaka mwaka wa 1945 alipopona mwanamke mmoja aliyeletwa hali amezimia. Lakini chombo hicho kilifaa kwa siku chache tu, kwani kila mara mshipa mpya ulikuwa hauna budi kukatwa, na mishipa ya mwanadamu ina hesabu. Mwaka wa 1960, katika mji wa Seattle huko Marekani, tabibu Belding Scribner alipata njia ya kuacha mrija mwilini, na mgonjwa wake wa kwanza akaishi zaidi ya miaka kumi. Tangu hapo kusafishwa damu kumekuwa ni jambo la maisha.

Walakini mashine si figo. Desturi yake ni zamu tatu kwa juma, kila zamu kadiri ya saa nne, maana yake ni saa 12 katika saa 168 za juma zima. Saa 156 zilizobaki taka hurudi kujikusanya. Na wako ambao hata hizo zamu tatu hawazipati. Nchini Kenya, mfuko wa bima wa NHIF, uliokoma mwaka wa 2024, ulikuwa ukiwalipia wagonjwa zamu mbili kwa juma. Mwenye kutaka ya tatu alitafuta fedha mwenyewe, na wengi hawakuweza.

Na upigwe mfano wa mtu mmoja. Ni fundi seremala wa mji wa pwani, umri wake miaka hamsini na miwili. Maradhi ya sukari na shinikizo la damu yameziua figo zake, na sasa yuko mwaka wa pili katika mashine. Zamu zake ni Jumanne na Ijumaa. Hiyo ya Ijumaa huanza asubuhi na kumalizika baada ya khatibu kwisha kushuka mimbari, basi mtu ambaye tangu utoto wake hakukosa Ijumaa ila kwa safari, leo husikia adhana hali amelala kitini na sindano mbili mkononi. Sharia imemsamehe, kwani mgonjwa hana lawama ya Ijumaa naye husali Adhuhuri. Lakini moyo wake haukujisamehe.

Akirudi nyumbani huwa amechoka kama aliyebeba magogo. Hulala mchana, na usiku ukiingia usingizi humkimbia. Akijinyosha, miguu humfanya vibaya. Si maumivu hasa, ni kama wadudu watambaao ndani ya mifupa, na hapati raha mpaka ainuke atembee, na akirudi kitandani mambo huwa ni yale yale. Ngozi humwasha mgongoni mahali mkono usipofika. Kiu humshika, naye ameamriwa asinywe maji ila kwa kipimo. Akipata lepe, mkewe humsikia pumzi zikikatika, kimya, kisha hushituka kama mtu aliyekuwa akizama. Na mkono ule alioungwa mshipa wa mashine, akiuweka chini ya kichwa, huusikia ukivuma sikioni kama upepo wa kaskazi katika matundu ya dirisha. Husikiliza mvumo huo hata alfajiri.

Muuguzi humwuliza kila zamu, "Mzee, usiku unalalaje?" Naye hujibu, "Alhamdulillahi." Muuguzi akaandika kuwa hali yake ni njema.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kumshukuru Mwenyiezi Mungu katika kila hali ni tabia ya muumini, na hapana wa kuikataza. Lakini kuna wanaolifanya neno hilo tukufu kuwa pazia, wakadhani ya kuwa mwenye kusubiri hasemi kinachomwuma. Hayo siyo mafundisho ya dini. Nabii Ayubu, ambaye subira yake imekuwa ni mithali, alimlilia Mola wake na kutaja kuwa dhara imemgusa, na Mola akamsifu kwa subira wala hakumlaumu kwa kusema. Mtume (S.A.W.) naye, Bibi Aisha alipolalamika kichwa, alimjibu kuwa na yeye kichwa chake chamwuma. Kilichokatazwa ni kumlaumu Mungu, ama kumweleza tabibu ugonjwa ulivyo ni katika kutafuta dawa, na kutafuta dawa kumeamriwa. Basi na aseme Alhamdulillahi, kisha aongeze: "Usiku wa jana sikulala ila saa mbili, na miguu yangu hainipi raha."

Kwani kila moja katika mambo yale yanayomkosesha usingizi lina jina lake kwa matabibu, na sababu yake, na mengi yana la kufanywa. Miguu isiyotulia huzidishwa na upungufu wa madini ya chuma katika damu, na madini hayo hupimwa na kuongezwa. Yako pia madawa yanayoituliza, ila kipimo chake kwa mtu asiye na figo ni kidogo sana kuliko cha mtu mwingine, kwa kuwa dawa ambayo ingetoka kwa mkojo hubaki mwilini. Tena yako madawa ya mafua na ya mwasho, yale yaletayo usingizi, ambayo watu huyanunua madukani wakidhani yatawalaza, kumbe huichochea miguu hiyo. Mwasho wa ngozi mara nyingi huandamana na kuzidi kwa fosfeti na kupungua kwa usafishaji, na tiba yake huanzia katika chakula na katika kutimiza saa za mashine.

Kukatika pumzi usingizini ni jambo la khatari zaidi. Maji yaliyokaa miguuni mchana kutwa, mtu akilala hupanda hata shingoni, yakaifinya njia ya pumzi. Kwa sababu hiyo anayekunywa maji kupita kipimo chake baina ya zamu mbili huwa amejinunulia usiku mbaya. Na mtu wa namna hii akipewa vidonge vya usingizi ovyo ovyo, vidonge hivyo huweza kumlegeza pumzi zaidi. Mwaka wa 2001 matabibu wa Toronto, huko Kanada, walitangaza khabari ya wagonjwa 14 waliohamishwa kutoka usafishaji wa mchana wa mara tatu kwa juma hata usafishaji wa polepole wa usiku, karibu kila usiku, majumbani mwao. Pumzi zilizokuwa zikikatika kadiri ya mara 25 kwa saa zilipungua zikawa kadiri ya mara 8. Ni wachache walio na njia ya kupata tiba ya namna hiyo. Lakini khabari hiyo ilionyesha wazi kuwa kukosa usingizi kwa watu hawa kumo katika damu na maji ya mwili, si katika mawazo peke yake.

Na si wachache. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka wa 2008, uliowakusanya wagonjwa zaidi ya 11,000 wa mashine katika nchi saba, ulikuta karibu nusu yao, yaani 49 katika kila 100, hawapati usingizi mzuri. Na waliolala vibaya khatari yao ya kufa ilizidi ya wenzao kwa sehemu 16 katika 100. Neno hili halikuandikwa ili kutisha. Limeandikwa ili ijulikane kuwa anayeuliza khabari ya usingizi wa mgonjwa haulizi jambo la upuuzi.

Usiku mmoja bila ya usingizi huleta uchovu. Miezi kumi bila ya usingizi huleta kitu kingine. Yule fundi seremala alianza kuacha randa yake, akasema mikono haina nguvu, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akaacha kukaa barazani baada ya Magharibi. Kisha wajukuu wakija akawa hawaiti majina. Chakula akakisukuma. Mkewe akisema naye, hujibu neno moja. Watu wakasema mzee ameingiwa na kiburi cha ugonjwa. Hakikuwa kiburi. Matabibu wa leo huyaita maradhi hayo sonona, nayo ni huzuni iliyokaa moyoni majuma kwa majuma, ikamwondolea mtu ladha ya vitu alivyovipenda, na usingizi, na hamu ya kula, na matumaini.

Ugumu wake ni kuwa alama za figo na alama za sonona hufanana. Aliyejaa taka katika damu huchoka, hukosa hamu ya chakula, halali. Na mwenye sonona ni vivyo hivyo. Hesabu zilizokusanywa na kutangazwa mwaka wa 2013 kutoka katika tafiti nyingi zilionyesha jambo hili: wagonjwa wa mashine walipojaza wenyewe karatasi za maswali, wenye alama za sonona walikuwa kama 39 katika 100, na walipokalishwa wakaulizwa na wajuzi ana kwa ana, walithibitika kama 23 katika 100. Basi karatasi peke yake haitoshi, wala kutazama uso peke yake hakutoshi. Na hata hiyo hesabu ndogo ni karibu mtu mmoja katika kila wanne walalao katika viti vile.

Tena usingizi na huzuni huandamana kama mawimbi mawili, hili likisukuma lile. Asiyelala moyo wake hulemewa, na aliyelemewa moyo halali. Kisha huzuni humfanya akose zamu, au aondoke mashineni kabla ya saa zake kutimia, au anywe maji bila ya kipimo kwa kuwa haoni faida ya kujizuia. Na damu ikichafuka zaidi, usingizi huzidi kuharibika.

Katika hali kama hii ndipo ndimi za watu zinapofanya kazi ambayo maradhi hayakuifanya. Wa kwanza hufika akasema, "Hiyo ni imani imepungua, muumini hahuzuniki." Wa pili husema pana jini, na akamtaja mganga wa ng'ambo ya pili mwenye kufusha na kupunga. Wa tatu huleta dawa ya mizizi katika chupa, asiyoijua hata jina.

Ama wa kwanza, na aulizwe: Je, Nabii Yaakubu imani yake ilipungua? Naye alimlilia Yusufu mpaka macho yake yakaingia weupe kwa huzuni, na Qur'ani imelitaja hilo bila ya kumtoa aibu. Bibi Maryamu, uchungu wa kuzaa ulipomshika chini ya mtende hali yu peke yake, alitamani kuwa angalikufa kabla ya siku ile. Hakukemewa, bali aliitwa kwa maneno ya kumtuliza na akaonyeshwa maji na tende. Na mwaka waliofariki Bibi Khadija na Abu Talibu, wanazuoni wa sira wameuita Mwaka wa Huzuni, na mwenye huzuni hiyo alikuwa ni mbora wa viumbe. Huyo huyo alikuwa akiomba kukingwa na hamu na huzuni. Mtu haombi kukingwa na kitu kisichoweza kumpata.

Wala wanazuoni wa Kiislamu hawakungoja matabibu wa Ulaya kulijua jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kitabu cha afya ya miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi, hali viwili hivyo vimeungana na ugonjwa wa kimoja hukifikia cha pili. Akaigawa huzuni sehemu mbili: moja ina sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na ya pili humjia mtu bila ya sababu aijuayo, na asili yake akaiweka katika mwili na damu. Kwa ile ya kwanza akaagiza maneno ya kumtuliza mtu na kumrudisha fikira zake. Kwa ile ya pili akaagiza tiba ya mwili. Miaka zaidi ya elfu moja imepita, na mgonjwa wa figo anazo zote mbili kwa mara moja, naye akaambiwa barazani kuwa ni upungufu wa imani!

Ama wa jini na wa chupa, jibu lao ni fupi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema lililo katika sunna. Lakini kumtoa kitandani siku ya zamu yake ili apelekwe kwa mganga ni kumwua. Na mizizi isiyojulikana, ikiwa figo hazimo, haina pa kutokea ikishaingia.

Siku moja fundi yule alimwambia ndugu yake mdogo, "Ijumaa hii siendi." Ndugu yake akasema, "Kaka, zamu yako itapotea." Akajibu, "Na ipotee. Nimetosheka. Aliyenipa roho ataichukua apendapo." Ndugu yake akanyamaza, kwani neno lile lilikuwa na sura ya tawakali, naye akaona haya kulipinga.

Hakika tawakali ni kufunga ngamia kisha kumtegemea Mola, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza yule bedui. Wanazuoni wa zamani wamekhitilafiana juu ya kujitibu, kama ni wajibu au ni jambo la hiari, na wengi wao hawakuona kuwa ni wajibu katika kila ugonjwa. Walakini Baraza la Fikihi la Kiislamu, katika mkutano wake wa Jidda mwaka wa 1992, lilipitisha kuwa kujitibu huwa ni wajibu ikiwa kuacha kutampeleka mtu katika kuangamia. Na mwenye figo zilizokufa akiacha mashine, mara nyingi hukaa siku chache au majuma machache tu. Huko ndiko kuangamia kwenyewe.

Lakini si haki kumtupia fundi yule hukumu hiyo usoni kama jiwe. Wako wagonjwa ambao maradhi yamewafikisha mwisho, na matabibu waadilifu wenyewe wakaona mashine haiwafai ila kuwazidishia mateso. Hao wana hukumu yao. Fundi siye katika hao. Aliyesema "nimetosheka" ni mtu aliyekosa usingizi miezi kumi, na haijulikani kama amechoka na maisha au amechoka na usiku. Kabla ya kulichukua neno lake kuwa ni shauri lake, ni lazima aulizwe, na aulizwe na mtu ampendaye: Walala saa ngapi? Kitu gani kinakuamsha? Je, hukupatwa na wazo la kujidhuru? Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo. Humfungulia mlango aliyekuwa amelificha. Na akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata saa moja, na tabibu apewe khabari siku ile ile.

Dawa ya sonona kwa watu hawa imejaribiwa. Mwaka wa 2019 yalitangazwa majaribio ya wagonjwa 120 wa mashine huko Marekani. Nusu yao walipewa vidonge vya setralini, na nusu walifanyiwa mazungumzo ya tiba na mjuzi, hali wamekaa katika viti vyao vya mashine, majuma kumi na mawili. Wote walipata nafuu. Wa vidonge nafuu yao ilizidi kidogo, na madhara madogo madogo ya dawa yalizidi pia. Basi njia ni mbili, na mgonjwa anayo khiari. Ila akumbuke kumtajia tabibu miguu yake, kwani baadhi ya madawa ya huzuni huifanya miguu isiyotulia kuwa mibaya zaidi. Ama dawa za usingizi, majaribio yaliyotangazwa mwaka wa 2024 hayakuleta bishara: wagonjwa waliopewa dawa ya trazodoni hawakulala vizuri kuliko waliopewa kidonge kitupu, na mambo mazito ya moyo yalitokea zaidi kwao. Anayekimbilia vidonge kwa rafiki wa dukani na alizingatie hilo.

Na yako mambo yasiyotaka fedha. Asilale mchana kutwa, na akiwa mashineni ajitahidi kukaa macho, asome au asikilize, ili usiku ubaki na haki yake. Chai ya rangi na kahawa aziache tangu alasiri. Na hili ni gumu pwani, lakini kikombe cha kahawa chungu baada ya Isha kinaweza kumgharimu usiku mzima. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, wanaomzuru mgonjwa wakakaa kitako hata saa sita za usiku wakisimulia khabari za mji, hawakumzuru bali wamemnyang'anya. Kulala ubavu wa kulia ni sunna; lakini mwenye mshipa wa mashine katika mkono wa kulia na alale kushoto asiulalie, kwani mkono ule ndio njia ya uhai wake, na sunna haikuja kumdhuru mtu. Na aliyekosa usingizi akainuka akasali rakaa mbili amefanya vyema, ila asijilazimishe ibada ya usiku kucha. Abdallah bin Amri alipofanya hivyo hali ni kijana mzima wa afya, Mtume alimzuia, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Sembuse mwenye figo zilizokufa? Naye ana bishara kuwa mgonjwa huandikiwa amali aliyokuwa akiifanya alipokuwa mzima.

Wanaomzuru wajue pia wanachokibeba. Mapenzi ya watu wa pwani ni dafu na tende na ndizi mbivu, na vyote vitatu vina potasiamu nyingi, ambayo kwa mtu asiye na figo huweza kuusimamisha moyo. Mgonjwa huona haya kukirudisha kitu cha mgeni, akanywa. Heri mgeni amletee nauli ya kwendea hospitali. Au aje siku ya zamu akae karibu na kiti chake saa moja.

Mambo ya ibada humhuzunisha mgonjwa huyu kuliko wengi wadhanivyo, na imamu wa mtaa ndiye anayeweza kumwondolea mzigo kwa maneno machache. Kutoka damu kwa sindano, katika madhehebu ya Imamu Shafi, hakuvunji udhu. Anaweza kusali amekaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu, kama Mtume alivyomwambia Imrani bin Huswaini. Juu ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa sababu ya ugonjwa, qauli mashuhuri ya Kishafi haikubali, walakini Imamu Nawawi mwenyewe ameipa nguvu qauli ya kujuzu. Basi ambaye zamu yake inameza sala zote mbili asibanwe. Saumu ya siku ya mashine, baraza la fatwa la Saudia limefutu kuwa kusafishwa damu kunaivunja, na asiyetarajiwa kupona hutoa chakula cha maskini kwa kila siku. Fundi yule alikuwa hajaambiwa hata moja katika hayo. Alikuwa akihesabu sala alizozikosa kwa miaka miwili, usiku, katika giza, pamoja na uvumi wa mshipa wake.

Ndugu yake mdogo hakulala usiku wa Alkhamisi. Alikaa kizingitini mwa chumba, akamwona kaka yake akiinuka mara kumi na moja kabla ya adhana, na kila mara akizunguka ua huku akijipigapiga miguu. Asubuhi hakumwambia habari ya imani wala ya sharia. Alimwambia, "Kaka, nimeiona miguu yako. Twende leo, nami nitamweleza muuguzi mwenyewe." Fundi akamtazama kitambo, kisha akaomba kanzu yake.

Muuguzi alipouliza, ndugu ndiye aliyejibu, na safari hii ikaandikwa karatasini: mara kumi na moja.